Ni Mtandao Tu

Kuna sentensi moja ambayo Wakenya tumekubaliana kutoiuliza maswali. Umefika benki, mhudumu anaangalia skrini, kisha anakuangalia wewe kwa huruma, na unaijua kabla hajafungua mdomo. Uko hospitali na mgonjwa wako, mmepanga foleni tangu alfajiri, na inakuja. Unamdai rafiki yako elfu moja, mwezi umeisha, na kwake inakuja hata haraka zaidi: "Buda, nilituma, lakini ni mtandao."

Ni mtandao. Maneno mawili, na kila mtu anarudi kukaa. Hakuna anayeuliza ni mtandao upi, umefanya nini, ulianza lini, nani ametumwa kuurekebisha. Tunapumua kwa nguvu, tunatoa simu, tunangoja.

Nimeisema hiyo sentensi mara nyingi na sikumbuki nyingi kati ya hizo mara. Nakumbuka moja. Niliisema Sosiot, mwishoni mwa Juni 2024, kwa watu walioniamini, na tangu siku hiyo najiuliza swali linaloonekana dogo mpaka ulishike mkononi: ukisingizia kitu ambacho si mtu, umemkosea nani?

Kwa wasioijua, Sosiot iko Belgut, kaunti ya Kericho. Ni kituo cha kawaida cha nchi ya chai: safu za maduka, boda wakipiga gumzo barabarani, majani mabichi yakikaribia kuingia jikoni mwa watu, na mvua ya alasiri ambayo hata haiombi ruhusa. Pale senge wangu ana duka. Senge ni dada ya baba, na kwetu Wakipsigis si mtu wa kumzungusha. Anatoa fotokopi, anapiga picha za pasipoti, ana M-Pesa, na mwaka huo alikuwa amenunua kompyuta ya mezani, mtumba kutoka ng'ambo, akaandika nje kwa rangi nyekundu: TUNAFAILI RITANI.

Mimi ndiye niliyesomea mambo ya kompyuta katika ukoo wetu. Nataja hili si kwa kujigamba. Utaona baadaye lilivyonisaidia vibaya. Ada ya mwaka wangu wa pili chuoni ililipwa na bonasi ya chai ya senge. Kwa hivyo aliponiita Ijumaa asubuhi, tarehe 28, akisema kompyuta imekataa kushika intaneti na watu wameshaanza kuja, hilo halikuwa ombi.

Nilikuwa nyumbani kwa sababu ya mambo ya Jumanne. Mnakumbuka Jumanne hiyo. Nilikuwa katikati ya jiji tarehe 25, na sina haja ya kusimulia tuliyoyaona. Mama alinipigia usiku akasema neno moja tu, rudi, na Alhamisi nikapanda gari la Kericho. Kitu kimoja cha siku hiyo ndicho kinachohusika hapa. Jumatatu, Mamlaka ya Mawasiliano ilikuwa imetoa taarifa kwamba haina nia ya kuzima intaneti. Jumanne, umati ukiwa Bungeni, intaneti ilizorota nchi nzima. Makampuni yakasema ni hitilafu ya nyaya zinazopita chini ya bahari. Nyaya zenyewe si hadithi ya kutunga; mwezi uliotangulia, tarehe 12 Mei, EASSy na SEACOM zilikuwa zimekatika siku moja na Afrika Mashariki nzima ikatambaa kama konokono. Huenda basi ilikuwa kweli. Mimi sikuamini. Mtandao uliporudi niliandika posti ndefu, yenye hasira, nikidai kwamba mtu mzima mwenye cheo hawezi kutuambia "ni mtandao" halafu akakunja mikono. Watu waliisambaza sana. Nilijisikia mwenye haki, na siku tatu hazikuisha.

Sasa hiyo kompyuta. Binamu yangu aliweka Linux, kwa sababu virusi kutoka flash za wateja vilikuwa vimeimaliza Windows mara mbili. Intaneti yake ilitakiwa kutoka kwa modemu ya USB, ile ya ukubwa wa kiberiti, ambayo wengi wenu mliiona mara ya mwisho mkiwa shule ya msingi. Ilikuwa ya miaka mingi, nembo ya kampuni ya simu mgongoni imefifia lakini inasomeka.

Modemu za aina hiyo zina tabia ya kuchekesha. Ukiichomeka, kwanza inajitambulisha kwa kompyuta kama CD. Haina nia mbaya: ndani yake kuna programu ya Windows ya kujisakinisha, na ikishafanya hivyo inageuka kuwa modemu. Kwenye Linux kuna kiprogramu kinachoitwa usb_modeswitch ambacho kazi yake ni kuiambia: tumekujua, vua hiyo nguo. Ilinichukua karibu saa mbili kugundua kwamba hakikuwa kimesakinishwa, na kukileta kwa kadi ya kumbukumbu kutoka simu yangu. Lakini nilikileta. Modemu ikavua nguo, taa yake ikaanza kumeta bluu. Kwa modemu ile, bluu inayometameta maana yake ni kwamba imeuona mnara, imesajiliwa, inangoja tu kuambiwa iunganishe.

Hapo nikaona kazi imeisha. Nikafungua ukurasa wa kuunda muunganisho: nchi, Kenya, kampuni, ile iliyoandikwa mgongoni mwa modemu, namba ya kupiga, *99#, na lile jina linaloitwa APN, ambalo programu ilinijazia yenyewe. Nikabonyeza. Kiduara kikazunguka, kikazunguka, kikafa. Nikabonyeza tena. Nikafuta nikaunda upya. Nikazima nikawasha. Nikachomoa nikachomeka tundu la nyuma. Nadhani nilibonyeza mara thelathini.

Kwenye benchi kulikuwa na watu saba. Msimu wa ritani una watu wake, na wengi wao hawana mshahara wowote. Ni wale waliofunguliwa PIN ya KRA kwa sababu HELB iliitaka ili kijana aombe mkopo wa chuo, na hakuna aliyekaa nao akawaeleza kwamba ukishakuwa na PIN, hata kama hujawahi kupata shilingi, unatakiwa kufaili kila mwaka kabla ya Juni kuisha. Ukichelewa, faini haishuki chini ya shilingi 2,000. Ritani ya mtu asiye na mapato ni kazi ya dakika chache. Faini yake ni ya siku kadhaa za kuchuma chai.

"Vipi?" senge akauliza. Hakuuliza kwa ubaya. Aliuliza kama mtu anayeuliza kama chai imechemka.

Watu saba wakaniangalia. Mtoto wa kompyuta.

Nikasema, "Ni mtandao, senge. Mtandao wa huku."

Mbona sikusema sijui? Nimelirudia hilo swali usiku mwingi, na jibu linanichosha kwa unyonge wake. Ukisema "sijui" mbele ya mtu aliyekulipia ada, ni kama unamwambia alitupa pesa. Ukisema "ni mtandao," nyote wawili mnabaki wazima. Senge akageukia benchi akarudia kwa sauti ya mwenye duka: mtandao umeanguka, jamani, si mliona hata Nairobi ulizimwa? Wote wakatikisa kichwa. Bila shaka. Uongo wangu ulikuta nyumba imeshafagiliwa.

Najua mnachosema saa hii: si ungewasha hotspoti? Kompyuta ile haina Wi-Fi. Na waya? Tundu la kuchajia la simu yangu lilikuwa limechoka, linashika chaji ukiiegemeza kwa pembe fulani, data halipitishi. Majibu hayo mawili ni ya kweli na niliyatoa kwa binamu yangu aliponiuliza. Hayatoshi, maana kulikuwa na swali la tatu ambalo hakuuliza.

Jumamosi akaja mama mmoja, viatu vya mpira bado vina udongo wa shambani. Kijana wake yuko chuo, mbali. Alikuwa na karatasi iliyochanwa kwenye daftari, juu yake PIN na neno la siri, herufi kubwa kubwa. Akauliza kama mtandao umerudi. Senge akaniangalia, nikatikisa kichwa. Mama akasema atangoja kidogo. Alingoja tangu saa tano mpaka mvua ilipoanza, akiwa ameshika ile karatasi ndani ya kanga isilowe.

Kwenye mfuko wangu wa suruali kulikuwa na simu yenye bando na pau nne za mtandao. Ritani ya kijana yule ingefanyika kwenye simu ile kabla chai ya rangi haijapoa. Sikuitoa. Ningeitoa vipi? Ningemwonyesha mama yule, na senge, na benchi lote, kwamba mtandao wa Sosiot haukuwa na tatizo lolote. Nilifanya zaidi ya kutoitoa. Ujumbe ulipoingia, ikalia, nilishtuka, nikaizima.

Ilipokaribia saa tisa mama akauliza nauli ya kwenda Kericho ni ngapi siku hizi. Mtu akamtajia. Akafikiri, akasema labda Mungu atasaidia kesho, akaondoka kwenye mvua.

Mtakatifu Augustino, aliyezaliwa mwaka 354 huko Thagaste, Algeria ya leo, aliandika kitabu kizima kuhusu uongo, na ndani yake akaupanga katika aina nane, kutoka ule mbaya kabisa hadi ule unaosamehewa kwa urahisi zaidi. Huko kwenye wepesi ndiko aliko uweka uongo usiomdhuru mtu na unaomfaa mtu. Hata huo aliukataa, na nilipousoma chuoni niliona anakaza kamba bure. Uongo wangu wa Ijumaa ningeuweka hapo hapo bila kusita: nani ameumia? Mnara uko juu ya kilima, hauna uso wa kuona haya, hauna mama wa kulia. Ulimfaa senge, ulinifaa mimi. Ambacho sikukiona ni kwamba uongo hauketi pale ulipouacha. Ijumaa uliniokoa na aibu. Jumamosi ulikuja kudai ulinzi, na nikaulinda kwa mgongo wa mtu mwingine. Kwa maoni yangu, kosa la Ijumaa ni dogo kweli. La Jumamosi ndilo linaloniamsha, na kama si la Ijumaa lisingekuwepo.

Kiswahili kilikuwa kimenionya na sikusikia. Tuna kitenzi kimoja, kusingizia, kinachofanya kazi mbili. Mtu humsingizia mwenzake wizi, yaani anambebesha kosa lisilo lake. Mtu pia husingizia ugonjwa, yaani anajifanya mgonjwa ili asiende kazini. Nilidhani hayo ni maana mbili zilizokutana kwa bahati. Sasa naona waliokiunda walikuwa na macho. Anayejifanya mgonjwa naye anabebesha: ameuambia ugonjwa, chukua wewe kosa la uvivu wangu. Na kosa, kama gunia la majani, halibaki angani. Ukilitua begani kwako lazima liangukie pengine, na ule ugonjwa, au ule mtandao, hauna bega. Utaliona limefika kwa yule aliye karibu zaidi asiye na nguvu ya kulikataa. Siku ile lilikuwa kanga lenye karatasi ndani.

Kuna siku nchi hii ilikataa udhuru huu rasmi, na huwa nashangaa hatukuzungumzia sehemu hiyo sana. Agosti 2017, siku chache kabla ya uchaguzi, IEBC ilitangaza kwamba zaidi ya vituo 11,000 vya kupigia kura, kati ya 40,883, viko nje ya mtandao wa 3G na 4G. Kesi ilipofika Mahakama ya Juu, jambo hilo lilikuwa sehemu ya maelezo ya kwa nini matokeo hayakufika yalivyotakiwa. Mahakama ilifuta uchaguzi wa urais tarehe 1 Septemba, na ilipotoa sababu zake kamili baadaye mwezi huo, haikuumeza udhuru huo. Kama hapa hakuna mtandao, afisa angesogea mpaka penye mtandao. Ukitoa siasa zote pembeni, kuna jambo zito hapo. Inawezekana kabisa "ni mtandao" iwe kweli na bado isiwe udhuru. Mnara hauna miguu. Wewe unayo. Swali linaloachwa mezani ni: ulipoona hakuna mtandao, ulifanya nini?

Na kwangu mtandao ulikuwepo.

Jumapili baada ya kanisa nilijaribu tena, sikupata. Senge alikuwa amewatangazia watu nje ya kanisa, kwa nia njema, wasijisumbue kuja kwa sababu mtandao wa Sosiot umeharibika. Wachache walikwenda Kericho. Wengine waliamua kumwachia Mungu na KRA.

Jumatatu tarehe 1 Julai, mambo yameshaharibika, senge alikuja dukani na chupa ya chai. Akanimiminia, akasimama nyuma yangu akiangalia nikibonyeza. Kisha akasema, kama mtu anayezungumzia hali ya hewa:

"Kwani wewe hukuipenda ile laini yangu mpya?"

"Laini gani, senge?"

"Hiyo imo humo. Si nilibadilisha mwezi wa nne? Wale wengine bando lao ni bei nafuu."

Nilifungua kifuniko. Ndani ya modemu yenye nembo ya kampuni moja mlikuwa na laini ya kampuni nyingine kabisa.

Niwaeleze kwa namna ya nyumbani. APN ni jina la mlango ambao laini yako inatumia kuingia kwenye intaneti, na kila kampuni ina wake. Chukua mkulima aliyesajiliwa kiwanda cha Momul, abebe majani yake mpaka kituo ambacho gari la Tegat linapakia, atoe namba yake. Majani ni mazuri, mizani inafanya kazi, karani yuko macho, barabara inapitika. Atarudishwa tu. Kila kitu kizima isipokuwa jina alilotaja. Kwa siku tatu nilikuwa nabeba majani ya senge kwenda kituo kisicho chake, nikirudi nasema barabara imekatika, na ile taa ya bluu inanimetea usoni kuniambia barabara ni nzima.

Kilichoniuma zaidi ya ujinga ni hiki. Maarifa niliyoyahitaji yalikuwa kwa senge muda wote. Hayakuwa chuoni wala kwenye simu yangu, yalikuwa kwa mama wa miaka hamsini na kitu aliyekaa mita mbili kutoka kwangu akikata picha za pasipoti. Swali moja tu, senge, laini ni ya nani? Sikuuliza kwa sababu nilikuwa nimeshasema ni mtandao, na aliyeshajua jibu haulizi. Hili silioni likisemwa kuhusu uongo mdogo. Tunasema unamnyima mwenzako ukweli. Ulinifungia mimi pia.

Nikaandika APN ya kampuni ya pili. Nikabonyeza. Taa ikaacha kumeta, ikatulia. Sekunde kumi, labda.

"Umerudi!" senge akapiga makofi. "Mtandao umerudi! Kongoi, Jehova."

Nikasema amina. Kweli, nilisema amina.

Ningeishia hapo na pengine ningekuwa nimesahau. Lakini nilikaa nyumbani mwezi mzima, na wiki ya pili yule mama alirudi, safari hii na kijana wake kwenye simu. Walikuwa wamefaili wakiwa wamechelewa na faini ya 2,000 ilikuwa imekaa pale kwenye akaunti ya mtoto ambaye hajawahi kuajiriwa. Kijana alikuwa akimlaumu mama yake, si kwa kelele, kwa ile sauti ya uchovu: mama, nilikwambia tangu mwezi wa tano. Senge akachukua simu akamwambia, "Kijana wangu, usimgombeze mama yako. Alikuja hapa, alingoja. Si makosa yake, ni mtandao."

Nilikuwa nyuma ya mashine ya fotokopi. Kuna mambo mawili yanaweza kumpata mtu hapo. Moja ni kujiona mwovu, na hiyo ni njia nyingine ya kujiona wa maana. La pili nilijikuta nalo bila kulitafuta: nilimwonea huruma senge. Alikuwa akiapa kwa jina lake, kwa mtu mwingine, juu ya kitu nilichokitunga mimi. Nilikuwa nimemfanya mwongo bila kumwuliza kama anataka kuwa mwongo.

Jioni tulipokuwa tunafunga nilimwambia. Laini, nembo, APN, simu mfukoni. Simu mfukoni niliiacha mwisho, na nilikaribia kuiruka.

Hakusema kitu kwa muda. Alihesabu pesa za M-Pesa, akaandika kwenye daftari, akarudia kuhesabu. Kisha akasema, "Wewe uliniambia mimi. Mimi niliambia kanisa."

"Pole, senge."

"Pole ni yangu. Ya yule mama bado." Akafunga daftari. "Utamwambia mwenyewe. Mimi sibebi maneno yako mara ya pili."

Nilijaribu kutafuta njia ya mkato. Nilidhani ningetuma pesa kimya kimya, 2,000 pamoja na ya kutolea, na hesabu ikawa sawa. Marafiki zangu wawili wa Nairobi niliowaelezea walisema hiyo inatosha, tena inazidi. Mtu alipoteza pesa, amerudishiwa, ukweli unamsaidia nini? Wana hoja. Siwezi kusema wamekosea kabisa. Lakini fikiria upande wake. Kijana wake bado anaamini mama yake alichelewa. Yeye mwenyewe bado anaamini kwamba vitu hivi, kompyuta, serikali, intaneti, vinaanguka tu kama mvua ya mawe inavyoanguka juu ya chai, na kazi yako ni kungoja chini ya kibaraza ukishika karatasi. Pesa bila maelezo ingekuwa mvua nyingine tu, hata kama safari hii ni nzuri.

Kwa hivyo nilituma, na nikapiga.

Aliuliza ni nani. Nikajitaja, mtoto wa kaka yake mwenye duka. Aliuliza hii pesa ni ya nini. Nikamwambia ni ya faini, na kwamba siku ile mtandao haukuwa na shida, shida ilikuwa mimi, niliandika jina lisilo lake.

"Lakini si ulikuwa umeanguka?" akasema. "Hata senge wako alisema."

"Nilimdanganya."

Kimya. Nikasikia kuku, na mtu akipasua kuni mbali kidogo.

"Na hii simu unayonipigia," akasema polepole, "siku ile ilikuwa na mtandao?"

Lilikuwa ndilo swali la tatu. Binamu yangu hakuliuliza, marafiki zangu hawakuliuliza.

"Ilikuwa nao," nikasema.

"Sawa," akasema, na akakata.

Nilikaa na simu mkononi nje ya duka. Mvua ilikuwa imeisha, boda walikuwa wanapangusa viti vyao kwa vitambaa. Baada ya kama robo saa ujumbe wa M-Pesa ukaingia. Alikuwa amerudisha 1,000. Nyuma yake kulifuata ujumbe wa kawaida, herufi kubwa kubwa, kama zile za kwenye karatasi: NUSU NI YETU. TULINGOJA MPAKA MWISHO.